Kipande cha Mgeni

Dada yangu walimwita Bi Kisu, na kabla hamjaanza kuwaza mabaya niwaambie mapema: hakuwahi kumchoma mtu. Jina alilipata kiwandani, meza ya tatu kutoka mlangoni, kwa sababu kisu chake kilikuwa chake peke yake. Wenzake walichukua visu vya kiwanda kwenye ndoo asubuhi na kuvirudisha jioni. Yeye alikuja na chake kutoka nyumbani, amekivika soksi kuukuu ya mtoto, kimenolewa miaka kumi na saba mpaka kikabaki nusu ya upana wake. Ole wako ukikigusa. Mimi mdogo wake, tumbo moja, nilikikatia kitunguu siku moja tu, akaninunia siku mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Samaki namjua akiwa kwenye sahani, basi. Lakini kazi ya dada niliijua kama yangu, maana hakuwa na hadithi nyingine. Kiwanda kile kinachukua samaki wakubwa wa ziwani, kinatoa minofu, kinaigandisha, kinaipanga kwenye maboksi meupe, na maboksi yanapanda lori kwenda kwa watu ambao hatutawaona maisha yetu yote. Kinachobaki ndicho chetu. Vichwa, mifupa na matumbo vinauzwa getini kwa mafungu, na mtaa mzima unavila. Maini ni ya wanawake wa mezani. Hiyo ilikuwa haki yao tangu zamani, kila mmoja anatoka na mfuko wake mdogo na mlinzi anajifanya anaangalia ndege. Dada alikuwa akisema, "Wale wanakula nyama, sisi tunakula utamu." Nasi tunacheka.

Sasa ziwa lenyewe. Miaka ya karibuni, jua likishika, maji yalikuwa yanatanda utando wa kijani mzito kama rangi ya kupakia mlango, na harufu yake inakufuata mpaka chumbani. Wachotaji walikuwa wanausukuma kando kwa bakuli kwanza, ndipo wanazamisha ndoo. Mimi nilifua vitambaa vyeupe vya mashati ya shule, vikatoka vina kijani kwenye mishono. Nikatukana siku hiyo, Mungu anisamehe. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu samaki. Kiwanda nacho kikabandika karatasi getini, ndani ya nailoni isilowe, ina muhuri: samaki wa ziwa hili wamepimwa na wanafaa kuliwa. Kila mwezi karatasi mpya. Minong'ono ikafa. Nani ashindane na muhuri?

Na aliyekuwa anakikata hicho kipande cha kupimwa ni nani? Dada yangu.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alikuja mpimaji na kisanduku chake cha barafu na fomu yake. Fomu ilitaka kipande cha mnofu wa mgongoni, bila ngozi, kikubwa kama kiganja. Msimamizi akampeleka moja kwa moja kwa Bi Kisu, kwa kuwa mkono wake hautetemeki. Hapo mngemwona dada! Asubuhi hiyo alikuja amefunga kitambaa kipya. Alichagua samaki mmoja kati ya mia, mwenye macho yanayong'aa na mashavu mekundu, akampasua taratibu, akatoa kipande kisicho na mfupa wala doa, akakiosha mara tatu kwenye bomba la maji ya dawa. Nilimuuliza siku moja, si wachukue yeyote tu? Akanitazama kama nimetema mate sebuleni.

"Mgeni huyo. Mgeni anapewa mkia? Akienda huko aseme wale wanawake hawajui kukaribisha? Thubutu!"

Mpimaji mwenyewe alikuwa kijana mwenye adabu mpaka inakera. Nilikutana naye mara mbili tatu nilipopeleka aproni nilizowashonea kiwandani. Shikamoo yake haikosi, kwa mfagiaji, kwa mlinzi, hata kwangu mimi ambaye sina mvi nyingi kiasi hicho. Dada alimpenda kama mwanawe. Mwanzoni mwa mwaka akamwambia dada kwamba mkewe ana mimba changa. Basi! Kuanzia siku hiyo, kila alipokuja, akishafunga kisanduku chake, dada alimwekea pembeni mfuko wa maini, mafungu mawili, yaliyonona. "Mpe mkeo, mwanangu. Damu hiyo." Na kila mwezi akirudi kijana alisema, "Mama, yale maini! Mke wangu kayamaliza peke yake, mimi kaniachia mchuzi." Dada alikuwa anakuja kunisimulia hayo nyumbani, anajipiga paja kwa furaha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema.

Nyumbani kwake alikuwa anaishi na mjukuu wake. Mama wa mtoto, binti pekee wa dada, alifariki siku ile ile aliyomzaa, na baba alikuja mazishini akatoka akinawa mikono, hajarudi hadi leo. Kwa hiyo dada ndiye alikuwa bibi, ndiye mama, ndiye baba. Mtoto tulimwita Chiriku kwa maneno yake. Anaamka anaongea, anakula anaongea, ukimwambia anyamaze anakuuliza kunyamaza kunafanyaje. Mimi aliniita bibi mdogo. Alikaa chini ya cherehani yangu akaniuliza, "Bibi mdogo, hii mashine inakula uzi kutwa nzima, mbona haishibi?" Nikamwambia imerithi tumbo lako. Alikuwa na miaka saba. Hapakuwa na mwingine. Ukoo wote wa dada yangu ulikuwa umekaa pale chini ya meza yangu, unachezea vifungo.

Mwezi wa tatu nesi alipita shuleni kwao, akawavuta watoto kope za chini, akamwandikia Chiriku karatasi: damu kidogo. Apewe mboga za majani, apewe maini. Dada aliposoma hilo neno la mwisho alicheka mpaka akakaa chini.

"Maini? Wamwambie nani! Ningeambiwa mapera ningehangaika."

Kuanzia siku hiyo mtoto alikula maini ya samaki kila jioni. Ya kukaanga, ya kuchemsha, ya kusaga kwenye mchuzi. Wiki za mwanzo alinawiri, au tulitaka kuona amenawiri. Halafu akaanza kuumwa tumbo. Dada akasema minyoo, akampa dawa ya minyoo. Akaanza kutapika asubuhi. Akachoka, akawa analala chini ya cherehani badala ya kuuliza maswali. Na kadiri alivyochoka, dada akaona damu bado haijatosha, akaongeza maini. Asubuhi pia. Alimkalisha mapajani, mtoto mkubwa wa miaka saba, akamlisha kwa mkono. "Moja la bibi. Moja la bibi mdogo. Moja la mama yako huko aliko." Mtoto anafumba macho, anameza.

Nilisema, jamani. Siku moja nilisema. Nilimwambia, "Dada, maji haya yalivyo, una hakika na hivi vya ndani?"

"Si wamepimwa?"

"Wamepima mgongo."

"Kwani samaki ana miili mingapi? Mgongo uwe mzima, tumbo liwe la nani?" Akacheka. "Wewe shona nguo, samaki niachie mimi."

Nikanyamaza. Mdomo wangu huu usio na pazia, unaogombana na wauza mkaa na makondakta, siku hiyo ukafungwa na kicheko kimoja. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujichapa.

Mwezi wa saba macho ya mtoto yakawa njano. Tukambeba mpaka hospitali, dada mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma na beseni la kutapikia. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, mpole. Akambonyeza Chiriku chini ya mbavu, mtoto akalia bila sauti. Akatuuliza anakula nini. Dada akajiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa na jibu zuri na alilisema kwa fahari.

"Maini, daktari. Kila siku, mara mbili. Nesi alisema damu kidogo."

"Maini ya ng'ombe?"

"Ya samaki. Wa hapa hapa ziwani. Mimi mwenyewe nafanya kazi kiwandani, nayachagua kwa mkono wangu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akatueleza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ule utando wa kijani una sumu. Samaki anaumeza, na sumu yake nyingi inakwenda kukaa kwenye ini na matumbo. Nyamani inabaki kidogo. Moto hauiondoi, hata uchemshe kutwa. Na kwa mtoto mwenye mwili mdogo, kila siku, mara mbili, ini lake lenyewe linaharibika.

"Lakini wamepimwa," dada akasema. "Karatasi iko getini. Ina muhuri."

"Walipima sehemu gani, mama?"

Dada akafungua mdomo. Nikamwona anataka kusema, na nikaona neno linavyomgeukia mdomoni. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukachora hewani ile njia ya kisu, kutoka shingoni kushuka mgongoni. Kipande kikubwa kama kiganja. Bila ngozi. Kimeoshwa mara tatu.

"Mgongoni," akasema. "Ni mimi ndiye ninayekata."

Kilio alicholia pale sijawahi kukisikia, na nisikisikie tena. Daktari alituacha tulie. Kisha dada akafuta uso kwa kitambaa, akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa soksi ya mtoto na kisu ndani yake, akakiweka mezani mbele ya daktari.

"Ini langu ni zima. Nikateni. Mkimpa kipande tu, litaota? Nimesikia linaota."

"Mama, hapa hatuna hiyo kazi. Na wewe pia umekula hayo maini miaka mingi. Hata lako hatulijui."

"Basi mpelekeni penye hiyo kazi!"

"Mtoto hatafika, mama."

Walimlaza. Dripu mkononi, pamba puani kuzuia damu. Dada hakutoka pale kitandani, ila jambo moja lilimkaa kooni kama mwiba: mke wa mpimaji. Mimba ya miezi minane, na mifuko ya maini tangu mwaka uanze. Alinishika mkono mpaka nikaumia. "Nenda ofisini kwao. Mwambie asile. Mwambie mkewe asile hata moja. Mwambie mama kasema." Nilikwenda. Ofisi ipo juu ya duka la vifaa vya umeme, ngazi za nje. Waliniambia mpimaji yuko safari ya kazi, hawajui anarudi lini. Nikaacha ujumbe kwa karani, nikamfanya ausome kwa sauti mara mbili, nikamwambia ukiupoteza nitarudi na utanijua mimi ni nani. Nikarudi wodini. Dada akauliza, "Umempata?" Nikasema ujumbe umefika. Akatikisa kichwa, lakini hakuacha kuuliza. Siku mbili alikuwa anauliza, mkono mmoja kwenye mguu wa Chiriku, "Hajala mfuko mwingine, eti? Hajala tena?"

Chiriku hakusema neno tangu Jumanne. Sisi ndio tulikuwa tunaongea sasa. Nilimwambia mashine imeshiba, mwanangu, imekataa uzi, njoo uione. Alhamisi asubuhi, wakati wafagiaji wanapiga deki na maji ya dawa yananukia, nesi alikuja kumpima, akasimama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akainama akamfumba macho. Dada hakulia. Alimvisha soksi. Ile ile ya kisu, na mguu wa pili nikatoa leso yangu tukaufunga, maana soksi ya pili ilishapotea miaka mingi.

Tulizika siku ile ile alasiri. Watu walijaa, majirani wetu si wachoyo wa machozi. Kesho yake uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa mikeka, na akina mama wa mtaa wamewasha moto nyuma ya nyumba, kama ilivyo, kwamba wafiwa na wageni wao wasilale njaa. Aliyesimamia jiko alikuwa Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwema, mikono mikubwa, sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Sikuangalia anapika nini. Akili yangu haikuwa huko.

Mchana akaingia mpimaji. Amevua viatu mlangoni, amevipanga vizuri pembeni, fulana nyeusi, macho mekundu. Alipiga magoti mbele ya dada.

"Shikamoo, mama. Pole sana, mama. Nimerudi jana jioni, ujumbe wako nimeupata. Nimekuja kukutoa wasiwasi kwanza. Mke wangu hajambo. Mtoto tumboni hajambo. Hakuyala."

Dada alimshika kichwa kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi niliona uso wake umefunguka. "Mungu mkubwa," akasema. "Mungu mkubwa, mwanangu. Hata moja?"

"Hata moja, mama. Harufu ya samaki ilikuwa inamtapisha tangu mwanzo."

"Nashukuru. Nashukuru sana." Mikono yake ilikuwa bado kichwani kwa kijana. "Lakini wewe ulisema kayamaliza."

Kijana akaangalia mkeka.

"Nilisema hivyo, mama, ili nisikuvunje moyo. Ulikuwa unatoa kwa roho safi. Ningesemaje?"

"Sawa. Ukayatupa?"

"Nilikuwa nawapa paka. Tulikuwa na paka wawili."

"Mlikuwa nao."

"Walikufa, mama. Wote wawili, wiki moja. Nikajua jirani amewawekea sumu ya panya, tukagombana naye mpaka leo hatusalimiani." Sauti yake ilikuwa inapungua kila neno. Nadhani alikuwa anasikia mwenyewe, pale pale, kile anachokisema. "Baada ya hapo nikawa nayatupa."

Dada aliondoa mikono kichwani kwake.

"Walikufa lini?"

Kijana akavuta uzi wa mkeka.

"Mwanangu, nakuuliza. Lini?"

"Mwezi wa pili, mama."

Mwezi wa pili. Chiriku alikuwa bado anakula wali na mboga, anaongea kutwa nzima. Nesi alikuwa hajafika shuleni. Mtu ambaye kazi yake ni kupima alikuwa na paka wawili wamekufa kwa maini ya meza ya dada yangu, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu alikuja akasema, mama, yale maini! Akachukua mfuko mwingine, akasema asante. Kwa adabu. Nilitaka kumrarua. Nawaambia ukweli, nilinyoosha mkono nikaurudisha, maana na mimi nilikuwa na ukimya wangu.

Dada hakumgusa. Alikuwa amegeuza pua kuelekea nyuma ya nyumba. Ndipo na mimi nikasikia harufu. Akanyanyuka, akatoka, nami nikamfuata, na pale uani juu ya mafiga sufuria kubwa la shughuli lilikuwa linatokota. Mama Pacha alikuwa anakoroga kwa mwiko. Vichwa vya samaki, na matumbo yake, supu nzito, ya kuwatosha watu wote. Watoto walishapanga foleni na mabakuli.

Dada aliweka mguu kwenye sufuria akalisukuma. Lilipinduka lote. Supu ilimwagika ikatimua majivu, watoto wakakimbia wanapiga kelele, vichwa vikatawanyika uani, midomo wazi. Alijiunguza mguu wala hakushtuka.

"Jamani, akili imemruka!" Mama Pacha alipiga kelele. "Mshikeni, mfiwa huyu, msimlaumu!"

"Ana akili zake," nikasema. "Hicho chakula kina sumu. Maini, matumbo, hivyo vya ndani vyote. Ndivyo vilivyomuua mtoto."

"Nani kasema? Si wamepimwa?"

Nikageuka. Nikamwona mpimaji mlangoni, ameinama, anavaa viatu. Nikamwita kwa sauti ambayo hata Mama Pacha hana. "Njoo hapa! Waambie! Wewe ndiye mpimaji, waambie wakusikie!"

Uwanja wote ulimgeukia. Alisimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nilimwona anatafuta maneno, na nilijua atayachagua kama dada alivyokuwa anachagua samaki.

"Mimi, mama zangu... mimi fomu yangu ni ya mnofu. Mnofu niliupima, ni salama. Hivyo vingine sina karatasi yake. Siwezi kusema kitu nisichokipima."

"Umeona sasa?" Mama Pacha aliniambia, kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. "Mnofu salama. Na samaki ni yule yule, dada, ana mwili mmoja." Akapiga magoti majivuni akaanza kuokota vichwa, kimoja kimoja, akivisuuza kwenye ndoo ya maji ya ziwani. Wenzake wakainama kumsaidia. Chakula hakitupwi, wakasema, na watu wana njaa.

Dada yangu alilikalia lile sufuria. Lilikuwa limelala kifudifudi, bado la moto, akaketi juu yake na kushika kingo kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyeweza kumwinua. Alikuwa anasema msiwape, msiwape, msiwape watoto. Walimwitikia ndiyo mama, sawa mama, pole mama. Na kutoka nyumba ya pili nikaona wanawake wawili wanakuja, wamebeba sufuria jingine.